Siku tisa za kwenda kuangalia kazi ya misheni: aende nani, na akafanye nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni mzee wa kanisa na katibu wa kamati ya misheni. Shirika moja la kimisheni limemwalika mchungaji wetu safari ya siku tisa ng'ambo, akaone kazi kati ya watu ambao bado hawana kanisa la kwao, ili baadaye tuamue kama tutashirikiana nao. Nauli tunajilipia. Baraza limegawanyika. Wapo wanaosema huu ni utalii wa wachungaji, fedha hizo zitumwe moja kwa moja kwa watumishi walioko kule. Wengine wanasema aende, tena ahubiri na abebe misaada, asifike mikono mitupu. Je, siku tisa zinatosha kujua lolote? Na hasa nani aende?

JIBU: Asifiwe sana, mzee. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Mchungaji asiende peke yake.

Nimeshaona mara nyingi mno mchungaji akirudi kutoka safari kama hiyo akiwa amewaka moto, na wazee wakimsikiliza huku wamekunja mikono. Si kwamba wana mioyo migumu. Yeye ameona nyuso, wao wanaonyeshwa picha. Miezi miwili ikipita, moto wake unaanza kuonekana kama mradi wake binafsi, na siku akihamishwa, kazi inakufa naye. Basi tumeni watu watatu au wanne. Mchungaji awemo. Mtunza hazina naye awemo, kwa kuwa ndiye atakayeuliza kile ambacho mchungaji anaona haya kukiuliza: akaunti ya kazi hii iko kwa jina la nani, na nani anatia saini? Awemo mwanamke, tena si kwa kujazia nafasi. Ziko jamii nyingi ambako wanawake wa pale hawatafungua mdomo mbele ya wanaume wageni, na msipokuwa na dada kati yenu mtarudi na nusu ya habari mkidhani ni nzima. Na nafasi ya nne mpeni yule mzee anayepinga. Ndiyo, huyo huyo anayesema ni utalii. Akirudi bado anapinga, mtakuwa mmepata sababu zenye uzito. Akirudi amegeuka, hamtahitaji mhubiri mwingine wa kulishawishi baraza.

Zaidi ya wanne msivuke. Wageni wanane wanahitaji magari mawili na vyumba vinne, na wakiingia nyumbani kwa mtu mazungumzo yanageuka kuwa mkutano wa hadhara.

Sasa hoja ya utalii. Msiipuuze, ina miguu. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya Wakristo kutoka Amerika ya Kaskazini yalikwenda kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek alizilinganisha familia zilizojengewa na wageni hao na zile zilizojengewa na mafundi wa palepale, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Kwa familia zenyewe hakuona tofauti ya maana. Kwa waliosafiri, yale mabadiliko makubwa waliyoyasimulia waliporudi, kutoa zaidi na kuomba zaidi, kwa sehemu kubwa hayakudumu. Mzee wenu anayepinga akisoma hayo atatabasamu.

Lakini safari ile na hii yenu si jamii moja. Wale walikwenda kufanya kazi ambayo fundi wa pale angeifanya kwa gharama ndogo. Ninyi mnakwenda kuchukua habari za kufanyia uamuzi, na uamuzi huo hakuna fundi wa kuwafanyia. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kabla ya tiketi kukatwa, baraza liandike kwa sentensi moja ni uamuzi gani unaosubiri safari hii. Kwa mfano, "Tumtume mtu wetu mmoja kwa miaka mitatu kati ya watu hawa, au la?" Au, "Tuingie ushirika wa miaka mitano na kanisa lile dogo lililo karibu nao, au tumshukuru Mungu kwa ajili yao tu?" Mkishindwa kuiandika, mzee wenu ana haki, na hiyo nauli ibaki benki.

Kuhusu kutuma fedha moja kwa moja, nako kuna mtego. Mwaka 1971 John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaomba wasitishe kwa muda kutuma wamisionari, na fedha pia. Watu wengi wanakumbuka sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba kanisa linalolishwa kwa mkono wa mwingine halijui lina nguvu gani lenyewe. Hundi inayotumwa na watu wasiowahi kukaa chini na wapokeaji inaweza kufanya madhara yale yale ya mgeni mwenye kiburi, tofauti ni kwamba hundi haionekani ikifanya.

Unauliza kama siku tisa zinatosha. Ondoa mbili za njiani, ondoa moja ya usingizi kichwani kwa sababu ya tofauti ya saa, zinabaki sita. Nehemia alikaa Yerusalemu siku tatu tu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, mnyama mmoja wa kupanda, asimwambie mtu neno, akauzunguka ukuta uliobomoka. Kazi yake ya upelelezi ilikuwa usiku mmoja. Upande mwingine wale kumi na wawili wa Musa walipewa siku arobaini, wote wakaona nchi ile ile na zabibu zile zile, na kumi wakarudi na taarifa iliyolihukumu taifa zima jangwani. Kwa hiyo siku si neno. Siku sita hazitoshi kuwajua watu wa nchi ile wala mila zao, na atakayerudi akijidai mtaalamu wao mnyamazisheni kwa upole. Ila zinatosha kumjua mtumishi mmoja au wawili: anaishije, anasemaje na mkewe, majirani wanamwitaje. Ushirika wa misheni hufungwa na watu wa namna hiyo. Nchi nzima hamwezi kuingia nayo mkataba.

Kama nikitaka kielelezo cha safari yenu, nakichukua Matendo ya Mitume sura ya 11. Habari zilifika Yerusalemu kwamba kule Antiokia watu wasio Wayahudi wamemwamini Bwana. Kanisa likamtuma Barnaba akaangalie. Alifika, akaiona neema ya Mungu, akafurahi. Hakuanza tawi la Yerusalemu. Aliwatia moyo waendelee, kisha akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: akasafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli. Aliliona pengo, akajua si yeye peke yake wa kuliziba, na aliyefaa alikuwa mahali pengine. Na kabla sura haijaisha, hao Antiokia waliotembelewa ndio wanaopeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa sababu ya njaa. Mwende na swali hilo pia mfukoni: hawa watu wana nini ambacho sisi hatuna?

Na mfano wa namna mbili, mzuri na mbaya kwa mtu mmoja, ni wa kabaila Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian. Mwaka 1731 huko Copenhagen alikutana na mtumwa aitwaye Anton kutoka kisiwa cha Mtakatifu Thomas katika Karibi, na mwaka uliofuata wamisionari wawili wa kwanza wakaondoka kwenda huko. Mwaka 1739 Zinzendorf mwenyewe akafika kisiwani kuona. Alipofika alikuta wamisionari wake wamefungwa gerezani, pamoja na Rebecca, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye alikuwa mwinjilisti hodari wa kazi ile. Akatumia cheo chake, wakafunguliwa. Kama angeishia hapo tungesema safari ya kiongozi haijapata kuwa na faida zaidi. Lakini kabla ya kuondoka akawahutubia waumini watumwa, akawaambia kwamba utumwa ulikuwa adhabu ya Mungu juu ya Waafrika wa kwanza, na kwamba wokovu wa roho hauufanyi mwili kuwa huru. Alikuwa amekaa pale wiki chache tu. Kwa jambo aliloliona kwa macho, yaani mlango wa gereza, alifanya vema. Jambo ambalo hakulisikiliza kwa walioliishi, alilihubiri.

Hilo linanileta kwa wanaotaka mchungaji ahubiri na abebe misaada.

Kuhubiri: Jumapili ile wenyeji watamwomba kwa heshima, na akikataa kwa ukali atawaumiza. Atoe salamu dakika tano, asome andiko, akae. Halafu amsikilize mchungaji wa pale akihubiri. Safari nzima haitawapa ushahidi mkubwa kuliko mahubiri hayo, hata yakipita kwa mkalimani. Anasema na watu wake au na wageni? Watu wanacheka wapi? Nani anatoka nje katikati, na kwa nini?

Misaada: hapa naomba nikusimulie aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye ziara ya namna hii. Siku ya sita tukasimama ndani ya kanisa lenye kuta bila paa; watu walisali chini ya turubai lililotobolewa na jua. Kiongozi wao hakuomba kitu, alituonyesha tu. Mimi, kwa nia njema kabisa, nikasema, "Tukirudi tutaliangalia hili." Kwangu ilikuwa namna ya kuaga kwa adabu. Mkalimani akatafsiri, watu wakapiga makofi, mama mmoja nyuma akaanzisha wimbo. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Nilipiga makofi na mimi. Baada ya mwaka na kidogo, mwenzangu mmoja alipita kule akakuta kenchi zimeshapigwa juu ya kuta, mbao zimeanza kupinda kwa mvua, na deni la mbao hizo halijalipwa. Walikopa kwa imani ya mabati yangu. Hakuna aliyeniandikia kunikumbusha, maana kwao ahadi ya mgeni haidaiwi. Tulilipa deni, tukapeleka mabati, na yule kiongozi hakuniamini tena kamwe, ingawa alinikumbatia.

Tangu siku ile nina maneno ninayoyasema jioni ya kwanza, mbele ya wote, kabla hata chai haijamiminwa: "Tumekuja kusikia. Hatujapewa ruhusa ya kuahidi chochote. Jibu litatoka kwa baraza letu, kwa barua, kabla ya mwezi fulani." Na mkalimani namwomba anirudishie nilichosema kwa lugha yangu, nisikie kama kimefika salama. Wenzako wakubaliane na maneno hayo kabla ya kuondoka, na mtunza hazina asibebe bahasha za kugawa. Zawadi ndogo kwa mwenyeji aliyewalaza, ya kumshukuru, haina neno. Najua wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ila huyu mwenyeji anataka kupona kwa muda mrefu, na bahasha ya siku ya pili ndiyo itakayowafanya watu wawaonyeshe siku ya tatu kile mnachopenda kuona.

Ombeni jambo jingine kwa shirika linalowaalika: siku moja isiyo na ratiba. Mashirika mengi yatajaza kila saa, na si kwa ujanja, wanaogopa mtaona mmepoteza nauli. Lakini ratiba iliyojaa inawaonyesha kazi iliyosafishwa kwa ajili ya wageni. Safari moja nilimuuliza mtumishi mwenyeji hitaji lake kubwa. Akajibu papo hapo: pikipiki, kompyuta, umeme wa jua. Alitaja kama mtu anayesoma orodha, na kwa kweli alikuwa ameshaiandika mara nyingi kwa wafadhili. Siku ya tano gari lilichelewa saa tatu nzima. Tukakaa kwenye ngazi ya mlango, yeye akiwa na kiatu kimoja mkononi anakung'uta matope kwa kijiti. Bila kuinua macho akaniuliza, "Wewe ukilemewa, unamwambia nani?" Nikamtajia rafiki zangu wawili. Akasema yeye ana miaka sita hana mtu. Wote wanaomzunguka aidha ni wanafunzi wake wa imani au ni watu wanaomlipa, na kati ya makundi hayo mawili hakuna wa kumwambia kwamba anafikiria kuacha. Hitaji hilo halikuwemo katika andiko lolote la mradi. Kanisa lililonituma likaamua jambo ambalo halikumaliza hazina: mzee mmoja na mkewe wampigie simu yeye na mkewe kila mwezi, na wawatembelee mara moja kwa mwaka. Pikipiki aliipata kwa wengine.

Mkiwa na waumini wa pale, kipimo cha zamani bado kinafaa. Katika karne ya 19 viongozi wawili wa mashirika ya misheni, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walisema kanisa lililokomaa ni lile linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza. Msiwaulize hivyo, watawajibu vizuri sana. Ulizeni mambo madogo. Mara ya mwisho kulipotokea ugomvi kanisani, nani aliumaliza? Taa ikiungua, nani ananunua nyingine? Mtu wa mwisho kubatizwa, nani alimshuhudia kwanza? Kila jibu likiishia kwa mgeni yule yule, mmeshajua.

Na mkimpata mtu asiye wa kanisa, jirani au mwalimu, mwulizeni wale jamaa wanajulikana kwa lipi. Nimewahi kupata majibu mawili ya swali hilo yaliyobadilisha ripoti yangu yote.

Mengine nayapitia haraka. Viza iwe ya kweli. India, kwa mfano, ina aina ya viza yake maalumu kwa wamisionari, kwa hiyo aliyeingia kama mtalii asisimame mimbarani. Nepal ina sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018, inayoweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa kumbadili mtu dini, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya adhabu. Mgeni hufukuzwa, mwenyeji aliyempokea anabaki na kesi. Ndiyo maana picha za waumini wa mahali pagumu zisipande mtandaoni, hata zile nzuri, hata baada ya mwaka. Tena si picha tu: jina la kijiji kwenye maombi ya kundi la WhatsApp linatosha. Pasipoti ziwe na uhai wa miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, bima igharimie kusafirishwa mgonjwa, na kama mnakokwenda wanataka cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe mapema, maana cheti huanza kutumika baada ya siku 10.

Kila jioni kaeni nusu saa, kila mtu aandike alichoona kabla ya kusikia cha mwenzake. Mkianza kwa kuongea, mchungaji atasema kwanza na wengine wote watakuwa wameona alichoona yeye. Mwandike pia msichokielewa. Daftari la maswali lina thamani kuliko la sifa.

Mkirudi, msihubiri safari Jumapili ya kwanza. Hapa najua nitapingwa, washirika wametoa sadaka na wanataka habari. Wape shukrani na dakika chache. Taarifa kamili iende kwanza kwa baraza, ikiwa na ile sentensi moja juu ya ukurasa, na baraza lipange tarehe ya kuamua isiyozidi miezi mitatu. Nimeona makanisa yakiacha jambo "katika maombi" kwa miaka miwili, na kule ng'ambo mtu anafungua barua pepe kila asubuhi.

Na ikiwa jibu ni hapana, liseme. Hapana ni tunda halali la safari hii; ndiyo sababu mlitumia nauli badala ya kufunga ushirika kwa kuangalia picha tu. Barua iandikwe kwa jina la yule mtumishi mwenyewe, pamoja na nakala kwa shirika, siyo kinyume chake. Ieleze mlichokiona chema katika kazi yake kwa mambo mahususi, ieleze kwa nini ninyi si watu wa kuingia hapo, na kama mnalijua kanisa jingine linaloweza kufaa, mwulizeni kama anaruhusu mlitaje. Kisha mchungaji ampigie simu siku barua inapofika, asikie sauti.